Nyota kwa Aliyenyamaza

Kibao kile nilikitengenezesha mimi. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kusikia walimu wenzangu wakisimulia kisa hiki kana kwamba kibao kilidondoka kutoka mawinguni. Nilikwenda kwa seremala wa barabara ya kumi na mbili, hapa hapa Ngamiani, nikamwambia nataka kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja, kipigwe randa vizuri kisimkwaruze mtoto, na kitobolewe tundu juu la kupitisha kamba. Seremala akaniuliza ni cha nini. Nikamjibu ni kifaa cha kufundishia. Akakipaka na rangi nyekundu bila kuombwa, kwa heshima ya mwalimu.

Wakati huo nilikuwa nafundisha darasa la nne katika shule moja ya binafsi kule Raskazone, shule ya Kiingereza, ndani ya nyumba kubwa ya zamani yenye kibaraza kipana na madirisha marefu. Kila asubuhi nilipanda baiskeli yangu kutoka Ngamiani, baibui nimelikunja magotini lisiingie kwenye mnyororo, na kila asubuhi nilijiona mtu wa maana. Meneja wa shule alikuwa mwanamume wa sauti ya upole ambaye sikuwahi kumsikia akifoka. Siku moja alituita walimu wote, akatuambia kwamba wazazi wanalalamika. Watoto wanafundishwa Kiingereza darasani, lakini kengele ya mapumziko ikilia tu, uwanja mzima unageuka Kiswahili. Akauliza nani ana ushauri.

Nikanyoosha mkono. Chuoni nilikuwa nimelipenda somo la saikolojia kuliko masomo yote. Nikawaeleza wenzangu, kwa kujiamini ambako leo kunanitia aibu, kwamba tabia inayofuatiwa na jambo zuri hurudiwa, na tabia inayofuatiwa na karaha hufifia. Nikawasimulia habari za panya aliyewekwa kwenye sanduku, akibonyeza kitufe anapata punje ya chakula, basi anajifunza kubonyeza. Tuwape nyota wanaosema Kiingereza, nikasema, na wanaosema Kiswahili wavishwe kitu shingoni. Meneja alitabasamu. "Nimefurahi kuwa na mwalimu aliyesoma," alisema, na mimi nikatoka pale mkutanoni natembea kama bibi harusi.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mtoto wa kwanza kusikika akisema Kiswahili asubuhi anavishwa kibao. Anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake akisema Kiswahili, amripoti kwa mwalimu, na kibao kihamie shingo ya huyo wa pili. Aliyeripoti anapata nyota ya karatasi kwenye bango la darasa. Atakayekutwa nacho wakati wa kwenda nyumbani anasimama mbele ya mstari, shule nzima ikimtazama. Sheria ilianzia kwenye ngazi ya gari la shule, na iliishia hapo hapo jioni.

Katika wiki tatu kelele zilikwisha. Meneja aliwaleta wazazi wageni mpaka mlangoni kwangu, akainua kidole, akawaambia, "Sikilizeni." Hakukuwa na cha kusikiliza. Watoto thelathini na kitu walikuwa wamekaa, mikono juu ya meza, macho yakizungukazunguka kumwinda atakayekosea. Wazazi walifurahi. Mwisho wa muhula nilipewa hotpoti kubwa lenye utepe, na picha yangu ikabandikwa pale mapokezi. Nilikuwa nikipita hapo hata pasipo sababu. Na kwa kuwa nilisifiwa kwa ukimya wa darasa langu, niliuzidisha ukimya. Nikaanza kutoa nyota kwa yeyote ambaye siku nzima hakuvaa kibao. Sikuwahi kuchunguza kama mtoto huyo alikuwa amesema chochote.

Binti ninayetaka kumweleza alikuja muhula wa pili, akitokea Mwera, kule Pangani. Baba yake alikuwa mkulima wa minazi na mihogo. Mjomba wake aliyeko Maskati ndiye aliyejitolea kumlipia ada, akataka mtoto asome shule nzuri ya mjini, hivyo akaletwa kukaa na bibi yake Ngamiani, barabara tatu tu kutoka kwangu. Alikuwa na miaka kumi, mwembamba, na mikono isiyotulia.

Asubuhi ya kwanza alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu. "Shikamoo mwalimu," akasema, na kabla sijaitikia akaanza kunisimulia habari za nguchiro aliyeingia bandani kwao usiku wa kuamkia safari, akamkuta kuku mmoja mwekundu anaatamia, na kuku yule badala ya kukimbia akamrukia nguchiro machoni. Alimwigiza kuku kwa viwiko, akamwigiza nguchiro kwa kurudi kinyumenyume mpaka akagonga ubao. Darasa zima lilicheka. Nilicheka na mimi. Nataka ijulikane kwamba nilicheka. Kisha nikamvisha kibao.

Wiki ile ya kwanza alikivaa kila siku. Alikuwa hawezi kujizuia. Akikivuliwa saa nne, saa nne na nusu anacho tena, kwa sababu ameona kinyonga kwenye michongoma na lazima mtu aambiwe. Siku tatu alisimama mbele ya mstari. Wenzake waligundua kwamba ukiwa na kibao na unataka kukitua, mtafute yule wa Mwera, muulize habari yoyote, atakujibu. Walimwendea wakitabasamu. "Eti kwenu kuna tumbili?" Na yeye, akidhani amepata rafiki, anaanza kueleza. Wale watoto walipata nyota. Nilizibandika kwa mkono wangu, nikizisugua kwa kidole gumba zishike vizuri.

Wiki ya pili alikivaa mara chache. Mwezi wa pili hakukivaa hata mara moja. Nikampa nyota, kisha nyingine, mpaka safu yake kwenye bango ikaipita ya watoto wengi. Kwenye ripoti yake niliandika kwamba amebadilika sana, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Hakuwa akisema Kiswahili. Hakuwa akisema Kiingereza pia. Hesabu zake zilikuwa sahihi, mwandiko wake mzuri, na nikimsimamisha kumuuliza swali anatazama mikono yake. Nikingoja kidogo nikaona hajibu, nahamia kwa mwingine. Nilikuwa nayaona mabega yake yakishuka pale ninapohama. Nilidhani ni aibu ya watoto wa shamba.

Bibi yake alinifuata nyumbani siku ya Jumamosi. Alikuwa mama wa makamo ya juu, kanga mbili, mkononi ana sahani ya mkate wa kumimina iliyofunikwa. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye jamvi akakataa kiti.

"Mwanangu, n'na swali," akasema. "Mjukuu wangu kapatwa na nini huko shule?"

"Hajapatwa na kitu, bibi. Anaendelea vizuri sana. Ana nyota nyingi."

"Nyota n'meziona. Kaja nazo kwenye karatasi. Miye nauliza ulimi wake. Mtoto huyu alikuwa haachi kusema. Nikipika anasema, nikiswali anangoja nitoe salamu aendelee alipoachia. Sasa nikimwita anakuja kusimama mbele yangu kama askari. Nikimuuliza umekula, anatikisa kichwa. N'mempeleka kwa shehe kasomewa. N'mempeleka hospitali wakamtazama koo, wakasema koo zima."

Nikamweleza. Mungu anisamehe kwa namna nilivyomweleza, kwa ile sauti tunayowasemesha watu wazima ambao hawakusoma. Nikamwambia ni kipindi cha mpito, kwamba mtoto anapojifunza lugha mpya hukaa kimya kwanza, kwamba ni dalili ya akili kufanya kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye mwalimu." Akaacha sahani, akaenda zake. Nilikula ule mkate na nikausifu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa miezi ya joto kali, ile ambayo saa mbili asubuhi ukiushika mpini wa baiskeli uliyoiacha juani unautupa. Gari la shule, haisi nyeupe, lilikuwa likiwakusanya watoto wa Ngamiani, wakubwa na wadogo pamoja. Miongoni mwa wadogo alikuwemo mtoto wa chekechea, wa miaka mitatu na nusu, ambaye alikuwa amemzoea binti wa Mwera. Walikaa pamoja kiti cha nyuma, na walipofika shuleni binti alimshika mkono mpaka kwenye geti la chekechea. Kwa nini yule mdogo alimchagua yeye, sijui. Labda kwa sababu hakuwa akimripoti.

Siku hiyo dada anayewasindikiza watoto garini alikuwa mgonjwa na hakuna aliyewekwa mahali pake. Mdogo alilala njiani, akateleza mpaka chini ya kiti. Walipofika, binti alijaribu kumwamsha, lakini dereva alikuwa anahimiza, shukeni, shukeni, na kiranja alikuwa mlangoni anawasukuma kwenda mstarini. Binti alishushwa. Dereva akafunga vioo, akafunga mlango, akaenda kunywa chai. Gari liliachwa uwanjani, jua likilipiga. Haya yote niliyajua baadaye.

Nilichokijua wakati ule ni kwamba baada ya mstari, mimi nikiandika tarehe ubaoni, yule binti alisimama pembeni ya meza yangu. Hakuwa amenifuata kwa hiari yake kwa miezi mitatu. Mtoto mmoja wa dawati la mbele, ambaye ndiye aliyekuwa na kibao asubuhi hiyo, aliinuka nusu kwenye kiti chake, shingo mbele, akisubiri neno moja tu la Kiswahili limtue mzigo. Binti alimwona. Alikimeza alichotaka kusema, akatafuta, akapata neno moja la Kiingereza. Neno la gari. "Bus."

Nikamwambia, kwa Kiingereza, "Basi limefanya nini? Sentensi nzima."

Akafungua kinywa. Akanyoosha kidole dirishani. Darasa likaanza kucheka.

"Sentensi nzima," nikarudia, "au ukae."

Akakaa.

Nimeshaulizwa na watu wema kwa nini najitesa, kwani nilikuwa nafuata utaratibu. Hilo ndilo linalonichoma. Nilikuwa nafuata utaratibu, na utaratibu nilikuwa nimeupendekeza mimi, na mtoto yule alikuwa amevuka woga wote tuliomtia, akaniletea neno lile moja kwa lugha ile ile tuliyoitaka, nami nikamrudishia.

Kipindi kikaendelea. Wakati fulani alinyoosha kidole kimoja juu, ishara ya kuomba kwenda chooni, ishara pekee shuleni kwetu isiyohitaji maneno. Nikamruhusu kwa kichwa. Hakwenda chooni. Alikimbia mpaka kwenye gari, akavuta mlango, ukagoma. Akapiga vioo kwa viganja. Mlinzi alimwona kutoka getini, akampigia kelele arudi darasani. Alimwonyesha gari kwa kidole. Mlinzi akadhani anafanyiwa utani, akaanza kumjia na fimbo yake. Ndipo binti alipookota kipande cha tofali la saruji na kukivurumisha kwenye kioo cha nyuma.

Tuliusikia mlio wa kioo mpaka darasani. Dakika chache baadaye niliitwa ofisini. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, mlinzi kamshika mkono juu ya kiwiko. Meneja alikuwa nyuma ya meza yake, mpole kama kawaida.

"Mwanafunzi wako amevunja kioo cha gari."

"Kwa nini umevunja?" nikamuuliza. Akaonyesha dirishani. Akaonyesha tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini hakutoa sauti, na mimi, mwalimu niliyejisifia saikolojia, nilisimama pale nikayatazama machozi yale nikaona utundu.

Alichapwa fimbo mbili za mkononi. Kisha meneja akamwambia aombe radhi, kwa Kiingereza. Na akaomba. Alisema kwa Kiingereza kwamba anaomba radhi bwana, na kwamba hatarudia tena. Hiyo ndiyo sentensi nzima ya kwanza niliyopata kuisikia kinywani mwake tangu azoee shule yetu.

Saa nne, dada wa chekechea akagawa uji na kikombe kimoja kikabaki.

Sitaeleza sana namna tulivyokimbia. Mtoto alikutwa sakafuni, chini ya kiti cha nyuma, vipande vya kioo vimemzunguka bila kumkata, nguo zimelowa jasho chapachapa, macho yamepanda juu, lakini anapumua. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji kwa sababu dereva bado alikuwa hajaonekana. Jioni alikuwa amefumbua macho anamtaka mama yake. Daktari aliuliza kama gari lilikuwa limefungwa kabisa. Mlinzi akamjibu kwamba kioo kimoja kilikuwa kimevunjika. "Basi hicho ndicho kilichomwokoa," daktari akasema. "Hewa iliingia." Mlinzi akatazama chini. Nami nikatazama chini.

Ningependa kusema kwamba kesho yake shule nzima ilimbeba binti yule juu kwa juu. Kesho yake hakuja. Na meneja aliniita, akanikaribisha chai, akanieleza kwa ile sauti yake kwamba wazazi wataitwa Jumamosi, na kwamba ni muhimu tuzungumze kwa kauli moja. Kauli yenyewe ilikuwa hii: dereva ameachishwa kazi, na kuna mwanafunzi mmoja mkubwa ambaye aliona mtoto amebaki, akanyamaza. "Watoto ndivyo walivyo," akasema. Kisha, bila kupumzika, akanieleza kwamba nafasi ya mkuu wa taaluma iko wazi kuanzia muhula ujao, na kwamba yeye kila alipowaza nani anafaa, jina langu ndilo lililokuja.

Nilimwitikia. Nilitoka ofisini nimenyamaza, na mwilini nilisikia nafuu, mabega yangu yakashuka. Nikasimama pale pale mapokezi. Niliyajua mabega yale. Nilikuwa nimeyatazama miezi mitatu kwenye mwili wa mtoto.

Ndipo nilipokumbuka nusu ya pili ya somo la yule panya, nusu niliyoiandika kwenye mtihani, nikapata alama nzuri, nikaisahau. Mkufunzi wetu alituambia kwamba si lazima umpe panya punje ya chakula. Mweke kwenye sakafu inayomchoma miguu, na akibonyeza kitufe uchomaji ukome, atabonyeza siku nzima. Kupumzishwa karaha nako ni tuzo, tena tuzo yenye nguvu. Na akatuonya tuangalie kwa makini mnyama alikuwa anafanya nini pale nafuu ilipomfikia, maana hicho ndicho unachomfundisha, hata kama wewe ulikusudia kingine. Sisi tulikusudia Kiingereza. Lakini mtoto alipata nafuu kila aliponyamaza. Akinyamaza, kibao hakimfikii. Akinyamaza, swali linahamia kwa mwingine. Akinyamaza, anapata nyota. Tulimfundisha somo moja kwa miezi mitatu mfululizo, kwa ufundi mkubwa, na alilifaulu, na siku alipojaribu kuliacha tukamcheka. Halafu tulikuwa tunataka kumlaumu kwa kulijua.

Nilikwenda kwa bibi yake jioni ile. Nilisema yote mlangoni, sikungoja kukaribishwa. Alinisikiliza, mkono wake mmoja juu ya fremu ya mlango.

"Sasa mimi unaniambia nini?" akauliza. "Miye nilikuja kwako na mkate."

"Najua, bibi."

"Nikakuuliza kwa adabu."

"Najua. Nisamehe."

"Samahani kamwombe yeye. Jumamosi nitakuja naye. Na wewe uje na kinywa chako."

Mkutano ulifanyika kwenye kibaraza. Wazazi walijaa, mama wa yule mdogo akiwa mbele, mtoto wake kamlalia mapajani. Meneja alisema aliyopanga kusema. Alipofika kwenye mwanafunzi aliyeona akanyamaza, watu waligeuka nyuma kutafuta ni nani, kwa kuwa habari zilikwishasambaa Ngamiani nzima. Binti alikuwa amekaa ukutani na bibi yake. Bibi hakusimama. Alimwambia tu mjukuu, kwa sauti iliyosikika mpaka mbele, "Waambie."

Nilidhani hataweza. Kisha akasema, "Nilisema."

Sauti ilikuwa inakwaruza, kama mlango wa stoo.

"Ulimwambia nani, mwanangu?" akauliza mama wa mtoto.

"Nilimwambia mwalimu. Nilisema 'bus'. Mwalimu akasema sentensi nzima."

Nikasimama. Nilisema ni kweli, mwalimu mwenyewe ni mimi, na nikaeleza kibao nilikitengenezesha wapi na kinafanya kazi gani, na neno lile moja lililetwa mezani kwangu saa ngapi, na fimbo mbili zilichapwa kwa kosa la kumpatia hewa mtoto. Niliyasema kwa Kiswahili. Meneja alijaribu kunikatiza mara mbili, kwa upole. Mama wa mtoto akamwambia, "Muache aseme."

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Wazazi hawakukubaliana. Mama mmoja alilia. Baba mmoja alisimama akasema dereva afungwe, sawa, lakini kibao kisiguswe, kwani mwanawe sasa anasema Kiingereza mbele ya wageni na hilo ndilo analolilipia. Wengine wakamuunga mkono. Mwingine akasema kwamba watoto wa shamba wana matatizo yao ya kuanzia nyumbani. Akasema hivyo na binti yuko pale, hatua tano kutoka kwake, na viganja vyake bado vina alama. Hakuna aliyemwambia baba yule aombe radhi, si kwa Kiingereza wala kwa lugha yoyote.

Mkataba wangu haukuendelezwa. Kibao kiliondolewa muhula mmoja, kisha nikasikia kimerudi kwa sura nyingine, kitambaa cha njano kinachofungwa mkononi. Mwalimu aliyekianzisha alipewa zawadi.

Mama wa yule mdogo alikwenda kwa bibi na doti ya kanga na sufuria ya pilau, akamkumbatia binti mbele ya majirani wote. Mjomba wa Maskati alipiga simu akafoka, akaelezwa, akasema fanyeni mnavyoona. Binti akahamishiwa shule ya serikali hapa Ngamiani. Nami nilipata nafasi ya kujitolea katika shule hiyo hiyo, na baadaye nikaajiriwa.

Nilimwomba msamaha, alitikisa kichwa, nikaelewa kwamba kutikisa kichwa kwake sasa hakuna maana ya ndiyo wala hapana. Basi nikaanza kwenda kwa bibi yake kila siku baada ya alasiri. Bibi hakunifukuza, alinipa kazi. Nilikaa kibarazani nachambua mchele au natoa kunde kwenye maganda, na binti akikaa upande wa pili. Sikumuuliza maswali. Nilikuwa nimejiwekea sharti moja tu, kwamba akitoa neno lolote, niache ninachofanya, nimtazame, nimjibu alichosema, basi. Nisimsahihishe, nisimsifu kwa kelele, nisikimbilie kumwita bibi aje asikie. Mtu anaposema na mwenzake akamsikiliza, hiyo peke yake inatosha kumfanya aseme tena. Hilo nililisoma chuoni na sikuwa nimelitumia hata siku moja.

Wiki za mwanzo alisema maneno mawili au matatu kwa jioni. "Hii mbovu." "Paka." Niliweka ungo chini kwa kila moja. Mara nyingine nilirudi nyumbani sijasikia kitu, nikajifungia kulia. Ilichukua miezi. Siku moja niliosha mbaazi nikazibandika jikoni, nikatia chumvi, akaja akafunua sufuria, akanitazama kwa dharau ya wazi.

"Mwalimu, mbaazi hazitiwi chumvi kabla hazijaiva, zitakuwa ngumu mpaka kesho, na bibi atasema ni mimi niliyezitia, na mimi nitamwambia ni wewe, kwa sababu ni wewe."

Niliweka mwiko chini. "Kweli," nikamwambia. "Ni mimi."

Yuko darasa la saba sasa. Nyumbani anasema mpaka bibi yake anaziba masikio. Shuleni bado. Mwalimu akimsimamisha ghafla, macho yanashuka kwenye mikono, na inabidi asubiriwe, na si kila mwalimu ana subira hiyo. Kiingereza anakisoma vizuri na kukiandika vizuri. Kukisema, hakisemi kabisa.

Juzi mwalimu kijana aliyetufikia mwaka huu, binti mzuri, mwenye bidii, alinifuata ofisini akaniuliza afanyeje, darasa lake lina kelele sana, anatamani wangenyamaza. Watu wamemwambia mimi ndiye mzoefu. Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili, akaondoka amenuna. Ilibidi nimfuate uwanjani nimtake radhi na nianze upya, taratibu, tangu kwa seremala.